Muulize Fundi: Bomba siku nne, ukuta wiki mbili

Toleo lililopita niligusia kidogo maji yanayotoka kwenye koki yakiwa na sura ya chai ya rangi. Tangu hapo simu yangu haijapumzika. Picha za glasi, picha za kuta zenye madoa, na msomaji mmoja kanitumia video ya dakika tatu ya koki inayokohoa. Kwa hiyo mwezi huu maswali ya vyoo na masinki yatasubiri. Tuzungumze kubadilisha mabomba ya maji ya nyumba nzima. Naanza na barua ndefu kuliko zote, maana aliyeiandika ameuliza kwa ukamilifu yale ambayo wenzake wameyauliza nusunusu.

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Ilala, Dar es Salaam. Nyumba yangu niliijenga mwaka 1978, ina vyumba vitatu, bafu mbili na jiko. Mabomba yote ni ya chuma na yamo ndani ya ukuta. Asubuhi maji ya kwanza ni ya kahawia mpaka nimwage nusu ndoo. Mke wangu akifungua maji jikoni, anayeoga anabaki na sabuni mwilini. Mwaka huu peke yake bomba limetoboka mara tatu, na kila mara fundi anafunga mpira wa tairi na waya. Wa mwisho ameniambia nibadilishe nyumba nzima. Ananidanganya? Kazi ni ya siku ngapi? Tuhame? Na vigae vya bafuni alivyoniwekea mwanangu miaka minane iliyopita vitapona?

Jibu: Shikamoo mwalimu. Huyo wa mwisho hajakudanganya. Wale wa mpira wa tairi nao hawakukudanganya; walikuuzia walichokuwa nacho mkononi, yaani wiki mbili za amani.

Bomba la chuma la zama zile lilipakwa zinki nje na ndani. Zinki ndiyo inayoliwa kwanza. Ikiisha, chuma kinabaki uchi. Watu wengi wanadhani kazi ya kutu ni kutoboa, lakini kabla ya kutoboa inajaza. Inaota kwa ndani, vinundu juu ya vinundu, kama ukoko chini ya sufuria, mpaka njia ya maji inabaki kijitundu. Kuna nyumba moja Upanga nilikata bomba la nusu inchi nikajaribu kupitisha penseli. Haikupita. Ndiyo maana anayeoga kwako anabaki na sabuni: maji yapo tankini, njia ndiyo hakuna. Na ile kahawia ya asubuhi ni maji yaliyolala usiku kucha juu ya kutu. Kama unachanganya na maji ya kisima, na kisima chenyewe kina chumvi kama vingi vya ukanda wetu wa pwani, chuma kinakufa mapema zaidi.

Kuhusu kutoboka mara tatu. Baba yangu alikuwa fundi bomba kwenye shamba la mkonge, Tanga. Alikuwa anafunga uzi wa bomba, ile mikato ya mzunguko kwenye ncha inayoshika kiungio, kwa katani iliyochovywa rangi, anakaza spana mpaka mshipa wa shingo unamsimama. Mabomba yake baadhi nimekuja kuyafungua mimi mwenyewe nikiwa mtu mzima. Katani iko vilevile. Chuma kando yake kimekuwa biskuti. Udhaifu wa bomba la chuma uko pale kwenye uzi, kwa sababu kukata uzi ni kuondoa karibu nusu ya unene wa chuma. Sasa fundi akija kubadilisha kipande kimoja, anapozungusha spana hapa, uzi uliooza mita mbili mbele unazunguka nao. Anakusanya vifaa vyake, anaondoka, keshokutwa panavuja kule mbele. Wewe unasema fundi ameniwekea mtego ili arudi. Hajaweka. Bomba limechoka lote kwa pamoja, maana lilizaliwa siku moja.

Ukitaka uhakika kabla ya kutoa shilingi, likitoboka tena mwambie fundi akate kipande cha urefu wa kiganja akupe. Kiangalie ndani kwenye mwanga. Kama tundu limebaki nusu, usifunge mpira mwingine.

Sasa siku. Nyumba kama yako mimi na msaidizi mmoja tunaimaliza kwa siku nne upande wa mabomba. Hapo ndipo wenye nyumba wanapojichanganya. Wanasikia siku nne, wanapanga ugeni wa Jumapili. Bomba ni siku nne, mwalimu, ukuta ni wiki mbili. Na hela vilevile: mwaka jana niliifanya nyumba ya Kinondoni inayofanana sana na yako, na mwenye nyumba alipojumlisha risiti zake, zaidi ya nusu ilikuwa imekwenda kwa mwashi, saruji, vigae, rangi na gari la kifusi. Mabomba yenyewe yalikuwa sehemu ndogo. Bei sitaiandika hapa, kwa kuwa ya Kariakoo ya leo mpaka gazeti likufikie imeshabadilika.

Siku ya kwanza fundi mzuri hakati kitu. Anatembea na chaki. Anahesabu koki zote, anatafuta bomba la mita linaingilia wapi, anapanda darini, anauliza nguzo ziko wapi. Akija na grainda inanguruma tangu getini, mpe chai kwanza umpunguze kasi. Njia nzuri kwa nyumba zetu ni kupandisha bomba kuu darini, kisha kila bafu linateremshiwa lake wima. Kuchana ukuta wima si tatizo. Kuchana kwa ulalo, mita tatu nne mfululizo, kwenye ukuta wa tofali la inchi sita ni kuukata ukuta kiuno. Na linta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, na nguzo hazichanwi hata kidogo, hata fundi akikuapia kwa jina la mama yake.

Siku ya pili na nusu ya tatu ni grainda na tindo. Hii ndiyo utakayoikumbuka. Vumbi la grainda linaingia kwenye kabati lililofungwa, linaingia kwenye sukari. Ondoa mapazia, funika televisheni na godoro kwa turubai, ziba uwazi wa chini ya milango kwa nguo mbichi. Kuhama si lazima. Ila kama nyumbani kuna mwenye pumu au mtoto mchanga, mpeleke kwa ndugu siku hizo mbili.

Maji hayakatiki siku nne. Hili wengi hawalijui, na mafundi wavivu hawalisemi. Bomba jipya linapita njia yake mpya wakati la zamani bado linafanya kazi. La zamani halifukuliwi ukutani. Siku ya kuhamisha linakatwa, linazibwa ncha zote mbili, linaachwa limezikwa humohumo. Kinachokosekana ni maji ya saa chache tu siku ya kuhamishia koki, labda tangu asubuhi mpaka alasiri. Jaza ndoo na madumu jana yake, kwa nyumba ya Dar si mazoezi mapya hayo.

Bomba gani? Kwa ndani ya nyumba mimi natumia PPR, yale ya plastiki nene yanayounganishwa kwa moto. Mashine inapashwa mpaka nyuzi 260, bomba na kiungio vinachomekwa pamoja kila kimoja upande wake, unahesabu, unachomoa, unavikutanisha, vinakuwa kitu kimoja. La milimita 20 ni sekunde 5, la 25 ni sekunde 7, la 32 ni sekunde 8. Muulize fundi wako sekunde hizo kabla hujampa kazi. Akijibu "mimi naona kwa macho", basi kwa macho hayohayo ataacha plastiki iyeyuke iingie ndani na kuziba njia, na utakuwa umerudi kwenye penseli ya Upanga kwa gharama mpya.

Jambo la ukubwa nalo linawaponza watu. PPR hupimwa kwa nje. Lile la 20 lenye ukuta mnene, linaloandikwa PN20 (PN ni kiwango cha presha), tundu lake ni kama milimita 13 tu. Ukitoa bomba la chuma la robo tatu ya inchi ukaweka PPR ya 20, umebana maji kwa hiari yako. Kutoka tankini nateremsha 32, nakwenda bafuni kwa 25, na 20 naiacha mita ya mwisho ya kwenda kwenye koki moja. Tanki la juu ya mnara halina nguvu nyingi: kila mita 10 za kimo ndiyo presha ya baa 1. Tanki lako likiwa mita 4 juu ya bomba la mvua una baa 0.4. Hakuna ya kupoteza hapo.

Kisha kupima, na hapa nakuomba mwalimu uwe mkali kama siku za mtihani wa darasa la saba. Ukuta usizibwe kabla ya kupima. Koki zote zinazibwa kwa plagi, mabomba yanajazwa maji, hewa inatolewa, halafu pampu ya mkono yenye saa ya presha inasukuma. Mimi napandisha mpaka baa 10 ingawa nyumba haitaiona presha hiyo maisha yake yote, naiacha usiku kucha. Mshale utashuka kidogo mwanzoni kwa kuwa plastiki inatanuka, unaupandisha tena. Asubuhi ukiukuta pale ulipouacha, mwashi aingie. Fundi asiye na pampu ya kupimia atakwambia "tufungulie tu maji ya tanki tuone". Maji ya tanki hayaoni kitu. Kiungio kilichoshika nusu kinavumilia baa 0.4 miezi sita, kinaachia siku vigae vimeshakauka vizuri na mwashi ameshahamia Morogoro.

Kabla mwashi hajaingia, chukua simu piga picha kila ukuta uliochanwa, na futi ya kupimia ionekane kwenye picha, kutoka sakafuni na kutoka kona. Mwenye nyumba mmoja Mbezi alidharau hilo. Miezi minne baadaye akatundika kioo cha bafuni. Msumari wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ulimlowesha mpaka soksi.

Vigae sasa. Vile vinavyokaa kwenye njia ya bomba havitapona. Ila njia unaichagua wewe. Ukuta wa bafu una upande wa pili, na upande wa pili mara nyingi ni chumba cha kulala chenye lipu na rangi tu. Naingilia huko, natoboa kidogo pale koki inapokaa, na vigae vinabaki karibu vyote. Muulize mwanao kama aliacha boksi stoo. Waweka vigae wengi huacha viwili vitatu. Vikikosekana, usihangaike kutafuta vinavyofanana, hutavipata baada ya miaka minane, na vinavyokaribia kufanana ni vibaya kuliko visivyofanana kabisa. Weka mstari wa rangi nyingine toka chini mpaka juu kana kwamba ulikusudia. Kinondoni tuliweka bluu. Wageni wanasifia.

Lipu mpya usiipake rangi haraka. Iache wiki tatu nne ikauke, la sivyo rangi inababuka na lawama anabebeshwa fundi bomba.

Mambo mawili ya mwisho, na la kwanza ni la hatari. Nyumba nyingi za miaka yako zilitumia bomba la chuma kama njia ya athi, yaani ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, waya umefungwa kwenye bomba lililozama ardhini. Ukiweka plastiki, athi imekatika na hakuna atakayekwambia mpaka siku unagusa friji inakutekenya. Mwite fundi umeme aliyesajiliwa akague na, ikibidi, azike fimbo mpya ya athi. Hili lifanyike wiki hiyohiyo.

La pili ni usumbufu tu. Njia ikifunguka, maji yatakuja kwa nguvu ambayo vitu vya zamani havikuizoea. Boya la tanki la choo litashindwa kufunga, koki ya zamani itaanza kudondosha, na kutu iliyobaki itakimbilia kwenye vichujio vya bomba la mvua na mashine ya kufulia. Weka akiba ndogo ya maboya na washa za koki. Nipigie magoti ya shukurani baadaye, kwanza kaoge.

Swali: Asalaam aleikum. Niko Kisauni, Mombasa. Nataka kubadilisha paipu zote za nyumba lakini sitaki kuta zivunjwe, kwa sababu nimepiga rangi juzi tu. Plamba ameniambia atapitisha paipu za PPR nje ya nyumba na juu ya bati, halafu atateremsha kwa kila mfereji. Ni sawa?

Jibu: Waaleikum salaam. (Kwa wasomaji wa Bara: kwa ndugu zetu wa Mombasa mfereji ndiyo koki. Mara ya kwanza nilipoambiwa huko "mfereji unavuja" nilitoka nje nikaanza kuangalia mtaro.)

Kupitisha nje si kosa, ni njia ya heshima kabisa na inaokoa ukuta. Kosa ni kuliacha bomba uchi juani. PPR ya kawaida haipendi jua. Miaka michache ya jua la pwani inakauka, inapauka, inakuwa inakatika kama kijiti. Ikipita nje lazima ivishwe: iwekwe ndani ya bomba kubwa la plastiki, au ifungwe sponji ya kukinga joto kisha ivalishwe juu, au angalau ipite chini ya pembe ya paa ambako jua halifiki. Juu ya bati mimi singepitisha hata kwa malipo mara mbili. Mchana maji yatatoka yanaunguza mikono ya watoto, na wewe hujanunua hita.

Kuna na hesabu ya kurefuka. Kila mita moja ya PPR hurefuka kama milimita 0.15 kwa kila nyuzi moja ya joto. Bomba la mita 10 likipanda nyuzi 30 tangu alfajiri mpaka adhuhuri, linarefuka milimita 45, upana wa vidole vitatu hivi, na usiku linarudi. Likiwa limekazwa na vibanio pande zote, litajikunja kama nyoka na kuvuta viungio kila siku. Mwambie plamba aweke kona ya makusudi katikati ya safari, na vibanio vingine viache bomba liteleze. Kuna PPR yenye tabaka la nyuzi za kioo au alumini ndani yake, hiyo hurefuka kidogo sana. Inagharimu zaidi, na kwa kazi ya nje naona inalipa.

Kama una hita ya jua juu ya paa, mita za kwanza kutoka kwenye hita zisiwe PPR. Siku mkisafiri maji yakakaa juani bila kutumika, joto humo linapita uwezo wa plastiki. Weka chuma au shaba mita mbili tatu, kisha ndipo uunge.

Swali: Dada fundi, nyumba yetu ya urithi iko Mji Mkongwe, Zanzibar. Kuta ni za mawe na chokaa, nene kuliko mkono. Mabomba ya chuma yameoza. Ndugu zangu wanataka fundi achane kuta aweke mapya ndani kisha azibe kwa saruji. Mimi nina wasiwasi.

Jibu: Wasiwasi wako ndio uwe mwenyekiti wa kikao cha familia.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa haushikwi kwa grainda. Ndani yake hakuna tofali lililopangwa. Kuna mawe na udongo vilivyoegemeana. Ukichana mstari, jiwe moja linatoka na rafiki zake sita. Nimeliona hilo kwenye nyumba moja huko: tulitafuta nafasi ya bomba la inchi moja, tukapata dirisha. Na saruji si ya ukuta ule. Chokaa hupumua, unyevu unaoingia unatoka. Ukiziba kwa saruji, unyevu na chumvi vinakwama nyuma yake, na baada ya misimu kadhaa ya mvua kipande kizima kinabanduka kikiwa kimebeba sehemu ya ukuta.

Pitisha mabomba juu ya ukuta, kwenye kona, nyuma ya milango, kupitia tundu zilezile za mabomba ya zamani kwenye sakafu ya boriti. Yavalishe boksi la mbao linalofunguka. Palipobanduka, zibeni kwa chokaa na mchanga. Na kabla ya kugusa chochote, nendeni kwenye Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mkaombe kibali. Mji huo uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na ukarabati wake una masharti. Faida nyingine ya bomba la nje ya ukuta: likivuja linaonekana siku hiyohiyo. Ndani ya ukuta mnene kiasi hicho linaweza kuvuja mwaka mzima, na boriti za mikoko zikaanza kuoza kabla hamjaona doa.

Swali: Fundi kaniletea makadirio yameandikwa mstari mmoja: "Kubadilisha mabomba nyumba nzima, vifaa na ufundi", na jumla yake. Anataka nusu na robo mkononi ndio aanze. Nipo Sinza, naishi na wajukuu.

Jibu: Shikamoo bibi. Usimpe.

Mwombe karatasi mpya: vifaa peke yake, kimoja kimoja kwa idadi, na ufundi peke yake. PPR huuzwa kwa mita 4 kila moja, kwa hiyo idadi inahesabika. Vifaa nunua mwenyewe au mtume mjukuu, wewe ukae na risiti. Bomba zuri lina maandishi yaliyopigwa ubavuni: jina la kiwanda, milimita, PN. Chukua rula: bomba la 20 la PN20 lina unene wa ukuta wa milimita 3.4. Lile la bei ya kutupa utakuta halifiki 2, na hilo ni la maji baridi tena kwa upole. Viungio viwe vya kiwanda kimoja na bomba.

Fedha ya ufundi igawe mara tatu. Fungu moja akianza kuchana, la pili mshale wa pampu ukilala palepale usiku mzima, la tatu koki zote zikitoa maji na kifusi kikiwa kimeondoka uani. Neno kifusi liandikwe. Bila kuandikwa litabaki hapo mpaka wajukuu walifanye mlima wa kuchezea.

Mimi mwenyewe niliwahi kulizwa. Nilipokuwa najenga kibanda changu nilikuwa na kazi nyingi za watu, nikampa fundi mwenzangu aniwekee mabomba na hela yote juu, kwa aibu ya kumwambia mtu wa kazi moja "nikupe nusu". Alifunga nusu ya nyumba. Nusu nyingine nilimalizia mwenyewe usiku na tochi mdomoni. Kwa hiyo bibi, hata ukimjua toka utotoni, gawa mara tatu.

Na akija fundi mwanamke usimwulize fundi yuko wapi. Mimi hilo naulizwa mpaka leo nikiwa nimeshika spana.

Swali: Kazi imekwisha, ukuta umezibwa, maji yanatoka lakini yana harufu ya plastiki. Tunaweza kunywa? Mkazi wa Tegeta.

Jibu: Bado. Mabomba mapya yana vumbi la vigae, jasho la fundi na chochote kilichotembea humo ndani yalipokuwa yamelala dukani. Safisha tanki kwa brashi kwanza. Lijaze, kisha kwa kila lita 1,000 tia jiki isiyo na manukato: kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, tia lita 1 na nusu. Fungua koki moja moja, ukianza na iliyo karibu na tanki, mpaka unuse jiki, halafu ifunge. Usisahau bomba la mvua na koki ya uani. Yaache humo usiku kucha na waambie wote nyumbani wasinywe, wasipike wala wasioge, maana kila toleo la ushauri huu huwa kuna shangazi aliyekuwa hayupo. Andika karatasi ubandike jikoni.

Asubuhi fungua koki zote mpaka tanki liishe, jaza maji safi, yapitishe tena mpaka harufu iishe. Harufu ya plastiki nayo huondoka kwa kupitisha maji siku chache. Maji yale ya kwanza yenye jiki mwaga chooni au osha nayo uwanja. Mchicha wako usiyaone.